Mguu wa Filbert

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimekaa kitini tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Nimeinuka mara moja, kwenda chooni. Mgongo unawaka. Maji nusu chupa. Nilijiwekea ratiba ya kutembea kila asubuhi, kutoka hapa Cheyo, Tabora mjini, mpaka Ng'ambo na kurudi. Wiki ya tatu sasa sijavaa viatu.

Ila kazi inakwenda. Mfumo wa kusajili mizinga ya vyama vya asali unaanza kutumika Jumatano ijayo. Tunaouandika ni wawili tu, mimi na Filbert. Yeye yuko kwake Kaliua. Bosi yuko Dar; huku msimamizi ni mimi.

Jumanne, 7 Oktoba
Filbert kachelewa kwenye simu ya asubuhi. Si kawaida yake. Shavu la mguu wa kushoto linamvuta. Alinionyesha kwenye kamera: umevimba kuliko wa kulia, ngozi inang'aa. Nilicheka, nikamwambia ni uzee. Ana miaka thelathini na moja.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mguu bado. Sasa una joto.

"Dada Mwaju, niende zahanati leo? Foleni yao naijua, siku nzima itaishia pale."

Nilijua la kumjibu. Nikasema jingine: "Malizia kwanza ripoti ya mfumo. Jumamosi utaenda."

Akasema sawa. Haraka mno. Laiti angebisha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Anajibu ujumbe kwa neno moja moja. Jioni nilisoma mtandaoni habari za watu wanaokaa sana wakavimba mguu mmoja. Nikafunga ukurasa kabla ya kufika mwisho. Sikumpigia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ripoti imefika saa nne. Safi, haina kosa hata moja. Nikampigia kuuliza kama ameenda zahanati.

"Nitaenda Jumatatu. Mbona uvimbe umepungua."

Alikuwa anakohoa. Nilitaka kumwamini, nikamwamini.

Jumatatu, 13 Oktoba
Hakuingia kwenye simu ya saa tatu. Nilimpigia mara sita. Saa tano akapokea Esta, mke wake. Filbert ameanguka uani akitoka kuoga. Midomo imebadilika rangi. Wako kwenye gari, wanamleta Tabora hospitali. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu anahema. Sitaki kuandika jinsi alivyokuwa anahema.

Bosi kaandika kuuliza kama majaribio yamekamilika.

Jumanne, 14 Oktoba
Damu iliganda mguuni, kipande kikapanda mpaka mapafuni. Daktari aliniuliza mgonjwa anafanya kazi gani.

"Anakaa," nilisema. Ndilo neno lililonitoka.

Yuko kwenye oksijeni. Daktari hajatuahidi kitu. Nimemwambia bosi kwamba kesho haiwezekani. Sikuomba. Hajajibu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Amefumbua macho. Anatutambua, ila hajaongea. Esta ananishukuru kwa kila chupa ya uji ninayoleta. Ananiita dada. Siwezi kumtazama usoni.

Shavu la mguu wangu wa kulia linauma tangu jana. Nimelipima kwa uzi, nikapima na la kushoto. Sawa. Baada ya chakula nikapima tena.

Jumapili, 19 Oktoba
Leo nimemwambia Esta. Tulikuwa kwenye benchi nje ya wodi, anakunja kanga alizofua. Nikasema yote: kwamba Filbert aliniomba ruhusa Alhamisi ile, kwamba nilimzuia, kwamba Ijumaa nilisoma na nikanyamaza. Nilingoja anifukuze.

Alimaliza kukunja kanga aliyoshika. Akaiweka juu ya nyingine.

"Hata mimi aliniambia mguu unamsumbua," akasema. "Jumapili iliyopita, baada ya misa. Nilikuwa nimechoka kumwona kwenye hiyo kompyuta. Nikamwambia amalize hayo majaribio, tupumzike."

Hakuna aliyelia. Tulikaa. Watu walipita na vyombo vya chakula.

Muuguzi akatuita. Filbert alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zimegusa sakafu. Esta akamshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Akasimama. Akapumzika kidogo, kisha akapiga hatua moja.