Nilimlisha mzimu maneno, bibi akayaamini

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba unahusu tamthilia, na tafadhali usicheke kwanza, najua kwenye ukurasa huu watu huleta ndoa zilizovunjika na wakwe wasiosalimiana, lakini mimi nina miaka kumi na sita na tamthilia ndiyo imenifikisha pabaya, na jina langu usiliweke, niite Kasuku kama bibi anavyoniita, utaona kwa nini.

Ninaishi na bibi, mama yake baba. Baba alifariki miaka minne iliyopita, na mama ni muuguzi mji mwingine, huja mwisho wa mwezi. Bibi alikuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini na miwili, enzi zile ambazo ukitaka kumpigia mtu unanyanyua mkono wa simu, unasikia sauti ya mwanamke inakuuliza, "Namba tafadhali?" halafu yeye anachukua waya, anauchomeka kwenye ubao, kwenye tundu la huyo unayemtaka, na mnaongea. Mpaka leo bibi akikaa anakaa mgongo wima kama kuna msimamizi anapita nyuma yake.

Sasa mwaka huu imetoka tamthilia ya mizimu, ya mtandaoni, sehemu kumi, inayohusu kituo cha simu cha zamani. Kila siku jioni taa inawaka kwenye tundu ambalo halina waya, na anayepiga ni mtu aliyekwisha kufa. Anayezipokea simu hizo ni opereta wa ubao namba sita, mwanamke ambaye mtoto wake wa kiume alizama mtoni. Shangazi alimwonyesha bibi tangazo lake kwenye simu, bibi akasema, "Ubao ule naujua," basi shangazi akatuunganishia kwenye televisheni na akaondoka, akaniachia mimi kazi, kwa sababu tamthilia ni ya ile lugha ya pili tunayofundishwa shuleni na bibi haijui. Kila siku saa kumi na moja jioni anaweka miguu kwenye kigoda, anavaa miwani, anasema, "Kasuku, kazi!" na mimi natafsiri kipande kidogo kwa siku.

Mshauri, shuleni mimi ni yule anayejua jibu na hanyooshi mkono. Mwalimu wa lugha aliandika kwenye ripoti yangu neno moja tu, "Asikike." Lakini kwenye kochi lile nina sauti ishirini, naongea kizee, naongea kitoto, nalia, na tukimaliza tunabishana mpaka jirani anagonga ukuta.

"Huyu dada hajawahi kukaa kwenye ubao hata dakika tano," bibi anasema. "Hebu ona kucha hizo. Utachomeka waya wapi na kucha hizo? Utamtoboa mwenzako jicho."

"Bibi, ni mwigizaji."

"Basi aigize."

"Lakini angalia macho yake akisikiliza."

"Kusikiliza anajua, hapo nampa haki yake. Na kusikiliza ni kazi ngumu kuliko kusema, usione hivi."

Darasani kwetu wenzangu wanasema tamthilia inatambaa kama konokono mgonjwa, eti sehemu nzima mtu anasubiri simu ilie. Nilipomwambia bibi alisema, "Hao hawajawahi kusubiri simu." Ukweli ni kwamba mimi nami niliona inajivuta, na watu wakinyamaza kwenye kioo nikawa najiona kama nimeacha kazi, bibi ananisubiri na mimi sina cha kumpa.

Uongo ulianza kidogo tu. Kuna msimamizi wa zamu, mtu mkali, na kwenye sehemu ya pili alimwambia yule opereta neno ambalo siwezi kulitamka mbele ya bibi, kwa hiyo nikasema, "Dada, umechelewa kidogo." Bibi akasema, "Kumbe mwanamume mwenyewe mpole!" Nikakwama. Kuanzia hapo ikabidi niendelee kumfanya mpole, sehemu ya nne nikampa utani, ya tano nikampa salamu za rambirambi, na sasa bibi anataka amwoe yule opereta, wakati ukweli ni kwamba yeye ndiye anayezing'oa nyaya ili wafu wasipige. Nimemgeuza fisi kuwa mchumba, na matundu ya kimya nikayajaza maneno yangu, kidogo hapa, kidogo pale, na hakuna aliyejua.

Halafu ikaja sehemu ya saba.

Lazima kwanza nikueleze jambo ambalo sikuambiwa, nililisikia nikiwa mlangoni mwa jikoni. Wakati huo tuliishi kwetu na baba, naye alitaka kutuhamisha mimi na mama, twende mbali, na bibi hakutaka kabisa. Baba akampigia simu kumbembeleza, bibi akiwa na hasira akaikata. Siku tatu baadaye baba akapata ajali. Nilimsikia bibi akimwambia shangazi, "Miaka ishirini na miwili sijamkatia mtu laini. Nikaenda kumkatia mwanangu." Tangu hapo bibi hakushika simu, ikilia aliniita, nami niliiweka mezani kwa sauti kubwa, yeye akaongea akiwa amesimama mbali kana kwamba ni sufuria ya moto. Na picha ya baba aliiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

Sasa kwenye sehemu ya saba yule mtoto aliyezama anakuja. Anasimama mlangoni mwa kituo cha simu, nguo zinachuruzika maji, ameshika mkono wa simu na waya wake hauendi popote. Mama yake anauliza, "Ni wewe?" na mtoto hasemi kitu. Mshauri, hasemi kitu kwa dakika mbili na sekunde kumi na moja, nilikuja kuzihesabu baadaye, hakuna muziki, maji tu yanadondoka sakafuni, halafu sehemu inaisha. Bibi alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti. Sijui nini kilinipata. Mdomo ulifunguka wenyewe, nikasema, kwa sauti ya kijana, "Mama, sikukasirika. Nilijua ni laini tu imekatika."

Bibi hakugeuka. Akasema, "Rudisha nyuma."

Nikarudisha, nikasema tena maneno yaleyale. Bibi akatazama mpaka mwisho, akasema, "Huyu kijana anaigiza kuliko wote. Hata mdomo hafungui." Akajifuta uso kwa pindo la gauni, akasema, "Asante, Kasuku," akaenda kuinjika chai.

Asubuhi yake picha ya baba ilikuwa ukutani, juu ya televisheni. Na wiki iliyofuata nikiwa bafuni simu ililia, kabla sijapata taulo nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia maishani, nyororo, iliyonyooka, inauliza, "Namba tafadhali?" Alikuwa shangazi upande wa pili, alilia mpaka akasahau alichopigia.

Unaona nilipo? Sasa shangazi amegundua tamthilia hiyohiyo imetiwa sauti za Kiswahili, na kwa kunihurumia, eti Kasuku apumzike, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu anakuja tuitazame upya tangu mwanzo, na amemwalika fundi cherehani wa mlango wa pili, kwa sababu bibi ameisifu ile sehemu ya mlangoni kila anakokwenda. Fundi alisema, "Hiyo lazima niione, nije na leso." Watatazama, na mtoto hatasema kitu, na bibi atajua kwamba hakuna aliyemsamehe, ni mimi tu na mdomo wangu. Picha itarudi kwenye droo. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nimeshaficha betri za rimoti kwa majaribio, bibi akazipata ndani ya dakika tatu. Je, nimwambie ukweli nimvunje moyo, au ninyamaze niombe umeme ukatike?

Kasuku


MSHAURI ANAJIBU

Kasuku mwanangu, ulinikataza kucheka na nimejitahidi, isipokuwa pale kwa fisi na uchumba, unisamehe.

Ngoja nikukaripie kwanza, ili tukimaliza tubaki na mapenzi tu. Ulipewa kazi ya kuunganisha laini, ukaingia katikati ukaanza kuongea wewe. Bibi yako angekuwa msimamizi wako, siku hiyohiyo angekuondoa kwenye ubao. Neno chafu kulikwepa mbele ya mtu mzima ni adabu, wala sikulaumu, lakini ulitakiwa kusema tu, "Hapa katukana, bibi," naye angejaza mwenyewe, watu wazima matusi tunayajua. Na nani alikuambia kimya ni pengo? Bibi alikueleza wazi kwamba wanaolalamika hawajawahi kusubiri simu. Ulimtafsiria tamthilia nzima, yeye mwenyewe hukumsikia.

Pole, nimemaliza kukaripia. Sasa ichukue barua yako uisome polepole, kama ni ya mtu mwingine.

Mwanamke aliyeziona kucha za mwigizaji tangu siku ya kwanza, unadhani hakuuona mdomo uliofungwa? Mara mbili? Na miwani usoni? "Hata mdomo hafungui," alisema, nawe ukaipokea kama sifa za yule kijana. Miaka ishirini na miwili alikula mkate wa kutambua sauti za watu asiowaona. Sauti yako aliyokulea nayo ndiyo imshinde? Halafu niambie, baada ya kujifuta uso alimshukuru nani? Si mzimu. Alisema, "Asante, Kasuku." Huko nyuma, katika jioni zote hizo za kutafsiri, hujaniandikia kwamba aliwahi kukushukuru.

Sikuapii. Bibi yako simjui, na huenda nimekosea, huenda machozi yalimziba macho. Lakini ajue au asijue, ushauri wangu ni uleule, na una siku tatu, maana gazeti hili linatoka Jumatano na Jumamosi yenyewe ni hii.

Mwambie kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili. Usisubiri akajua mbele ya fundi na leso yake, hapo ndipo utakapomvunja moyo kweli, kwa sababu itakuwa aibu juu ya huzuni. Wala usimwachie gazeti hili mezani likuseme badala yako, umesemea wengine vya kutosha, hili liseme mwenyewe. Saa kumi na moja ikifika, akisema, "Kasuku, kazi!" usiwashe televisheni. Kaa kwenye kile kigoda, sema, "Bibi, yule kijana hasemi kitu. Nilisema mimi." Usitangulize "usikasirike," usiongeze sababu kumi. Ukishasema hivyo, nyamaza. Patakuwa kimya, na utatamani sana kukijaza. Usikijaze. Mwache asikilize, ndiyo kazi anayoiweza kuliko sote.

Akiuliza kwa nini, mwambie ulisikia mlangoni mwa jikoni. Na hapa nikuombe jambo moja ambalo barua yako haikuligusa. Siku zile tatu kati ya simu na ajali, wewe ulikuwa nyumba moja na baba yako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, una akili zako. Alisema nini juu ya mama yake? Alinuna? Alicheka akasema, "Mama naye na hasira zake"? Alijaribu kupiga tena? Lolote unalokumbuka, hata liwe dogo kama tonge, hilo ndilo la kumpa, kama lilivyo, bila kulitia chumvi. Kama hukumbuki kitu, sema hukumbuki. Maneno uliyomtungia yalikuwa mazuri, lakini yalitoka kwako, na ana haki ya kujua hivyo. Pengine ndiyo maana yalimfaa. Msamaha wa mjukuu nao ni msamaha, na baba yako alikuwa wako pia.

Akiishusha picha, mwache aishushe, usibishane, kesho yake mtaona. Mimi sidhani kama ataishusha. Kinachoniogopesha zaidi ni habari za yule msimamizi, mchumba wake mpole. Hizo zitoe mwisho, baada ya chai, na ukae mbali na rimoti isije ikarushwa.

Jumamosi kaa ubavuni kwake, usitafsiri neno. Shangazi akisema kipindi kinajivuta, na fundi akisema yule mama anaigiza kama mbao, fungua mdomo utetee unachokiamini, kwa sauti yako moja, hizo ishirini ziache. Mwalimu wako amesubiri sana.

Na zikifika zile dakika mbili na sekunde kumi na moja, mshike mkono, mnyamaze nyote. Simu ikilia katikati, usiinuke. Mwache aipokee yeye.