Nani kamfundisha kupuliza

Chola ndugu yangu, nijibu.

Leo hifadhini mimi na Mutinta, mwenzangu wa kazi, tulikuwa tunaangalia sokwe wachanga wanaiga nini kwa wakubwa wao. Nikamrushia Kasuba, mdogo wao kuliko wote, tonge la nshima, ugali wetu. Akalipuliza, akageuza uso pembeni, akalipuliza tena, ndipo akala.

Nshima ilikuwa imepoa, Chola! Imepoa kabisa!

Ni baba yule. Ndivyo alivyokula miaka yote aliyowalisha sokwe hawa.

Na Kasuba kazaliwa baba tumeshamzika. Hakumwona hata siku moja. Kaiga wakubwa, na wakubwa walimwiga baba.

Mutinta akacheka, "We dada, huyu kaiga kizee gani?"

Nikasema simjui. Nimemkana baba, Chola, kwa kuogopa kuchekwa.

Kasuba akanitazama huku anapuliza. Nusura nipige magoti nimwamkie kama baba.