Waya Unaomeza Soprano

Kirua Vunjo,
9 Machi 2024

Mwanangu Violet,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ila mama yako na goti lake, na ng'ombe kazaa dume tena. Natumaini nawe hujambo huko Tabora na mitambo ya redio yenu haijakushinda.

Zawadi yako ya kustaafu imefika: mashine ya sidii, amplifaya na spika mbili. Asante sana. Sasa nieleze, huu waya wa kuunganisha mashine na amplifaya umeutoa wapi? Nimechungulia ncha yake, unatoa taa nyekundu. Taa! Nimefundisha sayansi miaka thelathini na miwili, ninachojua sauti inapita kwenye shaba. Nimeweka ile sidii ya kwaya yetu tuliyorekodi mwaka juzi. Besi wamo, tena wananguruma vizuri. Teno wamo. Soprano hakuna! Wamefunikwa blanketi. Jubilei ya parokia ni Julai, na nilitaka kuwafundishia wanakwaya kwa sidii hiyo. Nitumie waya wa kawaida.

Usinipigie simu. Mitandao ya siku hizi ni mikwaruzo, nusu ya maneno yanamezwa. Andika.

Baba yako,
Leodegar


Tabora,
21 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inaendelea. Mwambie Mama pole ya goti, na asipande tena kule juu kukata majani ya ng'ombe.

Kuhusu waya. Huo unaitwa optiko. Ndani yake sauti haipiti kama sauti, Baba. Mashine inaigeuza kuwa tarakimu, na tarakimu zinasafiri kwa mwanga unaowaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Waya wa shaba, unaoitwa koaksia, unapitisha tarakimu zilezile kwa umeme. Zikifika, amplifaya inazirudisha kuwa sauti. Kwa hiyo hakuna waya unaoweza kuchagua kumeza soprano na kuacha besi. Tarakimu zikipotea, utasikia sauti inakatikakatika au kimya kabisa.

Nilichagua wa mwanga kwa sababu umeme wa hapo nyumbani hauna waya wa ardhini wa kuaminika, na wa shaba unaweza kuleta mngurumo. Ubaya wa huu wa mwanga ni kwamba hautaki kukunjwa. Hujaukunja, eti?

Najua hutaniamini, kwa hiyo nakutumia na wa koaksia kwa basi. Uuchukue stendi Moshi.

Binti yako,
Violet


Kirua Vunjo,
8 Aprili 2024

Mwanangu Violet,

Hatujambo, mvua imeanza vizuri na migomba imeamka. Nashukuru waya nimeupata.

Huu wa shaba nao ni balaa. Unanguruma kama mashine ya kusaga, na soprano bado hakuna. Nimerudisha ule wa mwanga: mngurumo umekwisha, blanketi limebaki. Nimeshuka mjini nikanunua koaksia nyingine, nene kama kidole. Ni vilevile.

Nikamwita fundi Khalid wa Njoro, yule uliyesoma naye. Alipanda hadi hapa na begi lake. Akaunganisha nyaya zote mbili kwa pamoja, huku mwanga, huku shaba, akawa anabonyeza kitufe cha amplifaya kuhama kutoka huu kwenda huu. Akaniuliza, "Mwalimu, unasikia tofauti?" Nikamwambia, "Nasikia mngurumo na usio mngurumo." Akasema, "Basi ndiyo tofauti yenyewe. Nyimbo ni zilezile." Nikamwuliza soprano wako wapi. Yule kijana akaniangalia, akamwangalia mama yako, akaanza kufunga begi. Fundi gani huyo? Nimemfukuza kabla hajanywa hata chai.

Na kwaya yenyewe inaniumiza kichwa. Hilaria, ambaye ndiye niliyempangia kuimba peke yake kwenye jubilei, siku hizi anafungua mdomo tu. Nimemrudisha mwanzo wa wimbo mara tatu, "Paza sauti!" Mara ya nne nikamwambia mbele ya wote aende nyumbani akapumzike, kwaya si mahali pa kuuza sura. Amelia, lakini nidhamu ni nidhamu.

Fanya utafiti. Lazima kuna waya wa aina ya tatu.

Baba yako,
Leodegar


Tabora,
19 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, lakini leo sina subira, unisamehe.

Khalid alinipigia. Mtu mzima, karibu alie. Anasema unafungulia sauti mpaka Mama anatoka nyumbani kwenda kukaa kihambani, chini ya migomba, na majirani wanajua nyimbo zote za sidii hiyo. Anasema soprano wanasikika vizuri mno, kwa waya wowote. Aliona aibu kukuambia, kwa sababu ulimfundisha kusoma.

Basi nitasema mimi. Hakuna waya wa aina ya tatu. Wa mwanga ni mzima, wa shaba ni mzima, amplifaya ni nzima. Kilichobaki kati ya spika na wewe ni masikio yako, Baba. Na tatizo la simu si mtandao. Hapo nyumbani wewe tu ndiye unayelalamikia mtandao, Mama halalamiki.

Na Hilaria! Huyo dada ana sauti ya kusikika hadi Marangu. Umemfukuza mtu kwa kosa ambalo si lake, mbele ya watu. Nenda hospitali ukapimwe, halafu nenda kwake.

Binti yako anayekupenda, hata kama ana hasira,
Violet


Kirua Vunjo,
2 Mei 2024

Violet,

Barua yako nimeisoma. Sikukusomesha ili uje kunipima masikio ukiwa Tabora. Usiniandikie tena habari za waya.

Mwalimu Leodegar


Tabora,
20 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba radhi kwa jinsi nilivyosema. Kwa nilichosema siombi radhi. Mama hajambo? Kahawa inaendeleaje?

Violet


Tabora,
24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila jibu. Mama naye nikimpigia ananiambia "muulize baba yako," halafu anabadilisha mazungumzo. Mnanitesa. Andika hata mstari mmoja wa kunitukana.

Violet


Kirua Vunjo,
29 Julai 2024

Mwanangu Violet,

Salamu. Tu wazima. Mama yako nilimkataza asikuambie kitu, nilitaka kukueleza mwenyewe.

Barua yako ya Aprili niliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na kila nilipofungua kitabu hasira ilinipanda upya. Jumamosi moja mama yako alichoka. Akaweka sidii mwenyewe, akasimama mbele yangu. "Nitainua mkono Hilaria akianza, nitaushusha akimaliza. Wewe niambie unasikia nini."

Akainua mkono. Mimi nikasikia besi. Mkono ukabaki juu, nikawa naisubiri sauti yake kama mtoto anayesubiri kengele. Akaushusha.

"Umesikia nini?"

"Besi."

"Badilisha waya."

Nikabadilisha. Akarudia wimbo. Mkono ukapanda palepale na kushuka palepale. Nilibadilisha tena, mara tatu, Violet. Mara ya tatu nilipomtazama alikuwa anafuta machozi kwa ule mkono mwingine.

Tulishuka mjini hospitali. Daktari, msichana mdogo kuliko wewe, alinichorea mstari unaoanza vizuri upande wa sauti nene kisha unaporomoka kama njia ya kushukia mtoni. Akaniambia nimekuwa hivyo miaka mingi. Nimepewa shimesikio, kile kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio. Kinawasha, na kuku wanapiga kelele ambazo sikujua wanazo.

Kwaya nimemwachia Ezra, msaidizi wangu. Yeye ndiye aliyeongoza jubilei.

Kisha nikaenda kwa Hilaria. Alikuwa anachuma kahawa na hakuacha kuchuma. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama katikati ya mibuni: ugonjwa ni wangu, kosa ni langu, na nilikosea mbele ya watu. Akamaliza mti kwanza.

"Mwalimu, nimekusamehe. Lakini sirudi. Nimeshajiunga na kwaya ya kigango, kile kikanisa cha kule chini, na wale hawanifokei."

Nikasema, "Una haki." Kwenye jubilei sehemu yake waliimba wanne, na hawakumfikia.

Jana Jumapili nilitembea peke yangu hadi kigango hicho. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ili asinione. Wakati wa komunyo akasimama, akaimba peke yake ubeti mzima, juu kabisa, na nilimsikia hadi neno la mwisho. Nilisahau hata kwenda kukomunika.

Kinanda chao lakini ni kibovu, na anayekipiga ni mbovu zaidi.

Baba yako,
Leodegar