Viazi vya Mama Yako

Kwai, Lushoto

Mdogo wangu Sefania, mwana wa baba mdogo,

Kuna jambo nimekuficha tangu 1968. Kila Krismasi unaniuliza kwa nini wale mabwana walikucheka kwenye usaili wa ubwana shamba, nami hujibu, “Sijui.” Najua.

Njiani kwenda huko, sote wawili tukiomba kazi hiyo, tuliulizana maswali ya majaribio. Nilikuuliza, “Udhaifu wako ni upi?” Ukasema unaona aibu kukiri kwamba hujui, ndiyo maana ulimshauri mama yako apande viazi bondeni, vikaoza vyote. Nikakutania, “Sema hivyo wakurudishe kwenye jembe!”

Waliita jina lako kwanza. Ukanisukuma mlangoni: “Kaka hapitwi. Tangulia.”

Wakaniuliza swali lilelile la udhaifu, nami nikajibu haraka.

Zamu yako ilipofika nilikuwa nje, chini ya dirisha. Nikasikia, “Kumbe Kwai nzima viazi vimeoza?” Wakaangua kicheko.

Nimezunguka vijiji vya ujamaa miaka ishirini nikiwa bwana shamba. Sasa hata kalamu inanilemea, lakini bado najiuliza wewe ungekuwa bwana shamba wa namna gani.

Sefania, jibu nililowapa lilikuwa lako, pamoja na viazi vya mama yako.

Kaka yako,
Nathanaeli