Mume Wangu Ameniletea Mishikaki

Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi, na mimi sina hamu ya kumwonea mtu huruma.

Taya bado limefungwa waya. Nakula kwa mrija: uji mwepesi, maziwa, supu ya samaki ambayo dada Zuhura huichuja kwa kitambaa asije akaachia mwiba. Nesi alinionya nisishindie chai tupu, nitadhoofika. Ninywe kidogo kidogo, nimekaa wima, kisha nisukutue kwa maji ya chumvi. Na koleo lisikae mbali, maana nikitapika meno yamefungwa naweza kupaliwa nikafa. Itabidi dada aukate waya haraka.

Nimekonda. Naota ugali.

Aliyenivunja ni Hamisi, mume wangu, balozi wetu wa nyumba kumi. Watu wakigombana na wake zao humfuata yeye, naye hukohoa kwanza, kisha huwahubiria subira. Siku ile nilichelewa kwenye foleni ya unga, akanipiga ngumi. Majirani aliwaambia nimeteleza bafuni.

Leo alasiri kaja hapa Kariakoo kwa dada, kavaa suti yake ya mikutano, mkononi mishikaki imefungwa kwenye gazeti.

Nyama. Kwa mtu asiyeweza kuachanisha meno.

Nilimtazama nikaona hata hasira yangu hastahili. Akaketi, akasimulia jinsi wajumbe wanavyomuuliza niko wapi, jinsi nyumba ilivyopooza. Kama naumwa au silali, hakuuliza. Akamalizia kwamba nirudi kabla ya mkutano wa tawi, watu wasije wakasema.

Dada akamweleza kwamba siruhusiwi kutafuna.

"Atatafuna taratibu," akajibu.

Nilikuwa sijamsemesha tangu hospitali. Nikasema kwa meno yaliyobana, neno moja moja, ili asisingizie kwamba hakunielewa: "Waambie majirani nani alinivunja. Kisha nipe talaka yangu."

Wanawake waliokuwa wakitwanga uani wakasimamisha michi. Hamisi akageuka kuangalia mlango, si mimi. Akaniomba nipunguze sauti. Mtu mzima, balozi, anaogopa wanawake wenye michi.

Alipoondoka aliichukua na mishikaki yake.

Nilidhani nitalia. Nimecheka, puani, kwa kuwa mdomo haufunguki, na taya limeniuma vibaya.

Dada ametia maziwa kwenye uji wa jioni, nimeumaliza wote. Jumatatu tunaenda mahakama ya mwanzo, yeye na mimi. Sitasubiri waya utolewe. Hakimu atanisikia hivi hivi.