Mwanajeshi wa Ukutani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila magoti ya mama yanamsumbua asubuhi.

Uliuliza kama mama bado analia. Halii tena. Tangu nimchore kitindamimba wetu na kumtundika sebuleni, mama amepata wa kuzungumza naye. Akiamka tu, kabla hajaitikia shikamoo yangu, anaifuta ile picha na kumweleza habari za nyumba nzima: bei ya sukari, paa linalovuja, na mimi ninavyokoroma. Nakunywa chai yangu pembeni kama mgeni aliyekosea mlango.

Nasema wazi, dada: namwonea wivu. Najua aliuawa vitani huko ng'ambo hata ndevu hazijamkolea, akarudishwa ndani ya sanduku tuliloambiwa tusifungue. Nilimlilia mpaka sauti ikakauka. Lakini alikuwa kipenzi akiwa hai, na sasa hakosei, hachelewi kurudi, hamjibu mama vibaya. Nitashindana naye vipi? Mimi ndiye ninayempeleka mama hospitali, na daktari akimuuliza ana watoto wangapi, anaanza kumsimulia habari za mwanajeshi wake.

Wiki iliyopita mwalimu wa zamani wa mdogo wetu alisimama mbele ya picha akasema macho yale ni ya shujaa. Mama akamjibu kwamba katika wanawe wote hakuna mwingine aliyejaliwa macho kama hayo. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya vikombe. Nusura niiangushe.

Sasa sikiliza, na usimwambie mtu. Picha ya jeshini niliyopewa niige ilimwonyesha na kofia ya chuma, kivuli kimemfunika mpaka puani. Mimi mchoraji wa mabango: nikiwekewa kiatu nachora kiatu, nikikosa cha kutazama mkono unagoma. Nikachukua kioo cha kunyolea, nikachora macho yangu.

Juzi akaja askari mwenzake na picha waliyopiga kambini, uso wote uko peupe, anacheka. Ni yeye kabisa, na lile jicho lake moja dogo kuliko la pili. Nikajua leo nimeumbuka. Mama akaisogeza dirishani, akaitazama sana, kisha akanirudishia akisema aliyepiga hakumpatia, huyu hafanani naye hata kidogo. Akarudi kuifuta ile ya ukutani.

Nimekuwekea hiyo picha humu kwenye bahasha. Itunze wewe. Nikibaki nayo iko siku nitamwambia mama ukweli, na dada, sitaki. Kila asubuhi anayatazama macho yangu kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona, halafu ananigeukia na kuniuliza kama nimeshachota maji.

Mama anakusalimu sana. Nibusie watoto, na shemeji mpe heshima zangu.

Mdogo wako uliyebaki naye.