Maji ya Mzazi

Evas,

Nimeenda Bwera sokoni, nitarudi jioni. Mama aoge maji ya uvuguvugu tu. Usimsugue pale chini mionzi ya kansa ilipomuunguza. Mmwagie taratibu, mkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa laini, mvalishe gauni pana. Apakwe dawa ya hospitali, basi.

~~Sikulaumu.~~ Nakulaumu, wifi. Asubuhi umemkalisha kwenye beseni la maji moto, chumvi na majani, kama mzazi aliyejifungua jana. Ulitaka kidonda kikauke, najua, ndivyo tulivyokandwa sote. Lakini ngozi ile imeungua!

Hakulia. Alinishika mkono akaniuliza, "Mutoto iko wapi? Mbona halii?" Alidhani amejifungua kweli. Bado namsikia.

Akiuliza tena, usibishane naye. Mwambie mtoto amelala.

Wifi yako,
Gorret